SOMO LA MWEZI: BUSTANI YA DEBE KWA MKULIMA MWENYE SAFARI NYINGI



Somo la mwezi huu ni kwa wale wakulima wa skimu za makazi walio na meko mawili: jiko moja shambani na jiko la pili mjini. Watu wa namna hii wamekuwa wengi. Mpango wa Ekari Milioni Moja ulipoanza mwaka 1962, zaidi ya jamaa 30,000 walipata mashamba nchini Kenya, na upande wetu huu Ndalu, Tongaren na Naitiri zikawa miongoni mwa skimu hizo. Wakati ule jamaa nzima ilikaa shambani na kula katika sufuria moja. Lakini watoto walizaliwa, mashamba yakagawanywa, na leo wengi wa wajukuu wana kipande kidogo cha ardhi katika skimu pamoja na chumba cha kupanga huko Kitale au Bungoma, kwa sababu ya kazi, biashara ya sokoni, au shule ya watoto.

Mtu wa namna hii yumo njiani daima. Siku tatu yuko mjini, siku nne yuko shambani. Wakati wa kuvuna mahindi, au wakati wa likizo ya shule, chumba hufungwa kwa kufuli na jamaa wote huenda shambani majuma mawili au matatu. Wakiwa mjini hununua mboga kila jioni, na fedha hizo ni zile zile ambazo zingesaidia karo. Mwenye nyumba akijaribu kupanda sukuma wiki ndani ya ndoo mlangoni, hurudi kutoka safarini na kuikuta imekauka kama tumbaku. Mara ya pili hapandi tena.

Swali hili huletwa mara kwa mara kwenye meza ya ofisi ya kilimo, nalo ni swali la haki. Jibu lake ni hili: bustani ya mtu wa safari haipandwi kama bustani ya mtu akaaye nyumbani. Tofauti si kubwa, wala haihitaji fedha nyingi, lakini hapana budi kuifahamu kabla ya kujaza udongo.

1. GUNIA LA KIBERA NA MTU WA SAFARI

Wengi wetu tumesikia habari za bustani za magunia. Mwaka 2008, baada ya fujo zilizofuata uchaguzi, shirika la Kifaransa liitwalo Solidarités lilianza kuwasaidia jamaa wa Kibera, Nairobi, kupanda mboga katika magunia. Gunia husimamishwa, katikati hutiwa nguzo ya mawe madogo ili maji yashuke hadi chini, kisha ubavuni hutobolewa matundu na kila tundu hutiwa mche. Gunia moja laweza kubeba miche 40. Kazi hiyo ilifaa sana, na watu wa miji mingine waliiga.

Lakini tuangalie ni nani aliyefaidika nayo. Ni mtu aliye nyumbani, awezaye kumwagilia kila siku au kila siku ya pili. Gunia moja la mahindi, likijazwa hadi karibu na mdomo, huwa na udongo wa kiasi cha lita 80. Miche 40 ikishiriki udongo huo, kila mmoja hupata lita 2 tu za udongo. Ni kama watu 40 kunywa katika mtungi mmoja. Isitoshe, kila tundu la ubavuni ni dirisha la kutolea unyevu, na upepo wa Januari hupita hapo.

Kwa hiyo, wewe uliye mtu wa safari, usiige gunia lile kama lilivyo. Chukua gunia lako, usitoboe ubavu, na panda juu peke yake. Utapata mboga chache kuliko mtu wa Kibera, lakini ukirudi utazikuta hai.

2. FAHAMU KIU YA MMEA

Katika shamba, mizizi ya sukuma wiki hushuka chini kutafuta maji. Katika debe, mizizi hufika kwenye bati na kusimama. Maji yaliyomo ndiyo akiba yote. Basi tuyahesabu.

Debe la kawaida huchukua udongo wa lita 18 hivi. Udongo mzuri uliochanganywa na samadi, ukinyweshwa mpaka ukatosheka, huweka kiasi cha lita 3 za maji ambayo mmea waweza kuyafyonza. Shina moja la sukuma wiki lililokomaa, likiwa juani wakati wa kiangazi, hunywa zaidi ya nusu lita kwa siku. Gawanya mwenyewe: shina moja katika debe moja litakaa siku 5 hivi. Mashina mawili katika debe hilo hilo, siku 2 na nusu. Mashina manne, siku moja na kidogo.

Hapo ndipo ilipo siri ya ndoo iliyokauka mlangoni. Mtu alipanda miche minne kwa sababu ilikuwa midogo na debe lilionekana tupu. Miche ikakua, naye akasafiri.

Basi kanuni ya kwanza, ambayo yafaa kuikariri, ni hii: DEBE MOJA, SHINA MOJA. Katika gunia lenye lita 80 panda mashina 4, si zaidi.

Hesabu hii ni ya kukadiria, maana udongo si mmoja na jua si moja. Kitale iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na hewa yake ni baridi kuliko ya Bungoma, iliyo karibu mita 1,400. Debe lile lile litakauka upesi zaidi Bungoma. Kwa sababu hiyo kila mtu na afanye jaribio lake mwenyewe kabla ya safari ya kwanza.

JARIBIO. Chagua debe moja lenye mmea mkubwa. Asubuhi limwagilie mpaka maji yatoke chini. Usilimwagilie tena. Kila siku asubuhi mapema litazame. Majani yakilegea saa sita mchana, usijali, maana mmea hulegea kwa joto na kuinuka tena jioni. Lakini ukiyakuta yamelegea alfajiri, jua likiwa halijachomoza, akiba imekwisha. Hesabu siku zilizopita, uziandike ubavuni mwa debe kwa makaa au rangi, kisha ulinyweshe upesi. Hizo ndizo siku za debe lako. Safari ikiwa fupi kuliko siku hizo, nenda bila wasiwasi. Ikiwa ndefu zaidi, yakupasa kufanya moja ya mambo yaliyo katika sehemu ya 6.

3. CHOMBO

Usinunue chombo. Debe bovu, ndoo iliyopasuka, jerikani la mafuta ya kupikia lililokatwa mdomo, karai kuukuu, gunia: vyote vyafaa. Lakini angalia mambo manne.

Kwanza, chombo kiwe kikubwa. Kopo la lita 2 lafaa kuoteshea miche, halifai kumwachia mmea mkubwa wakati wa safari. Chombo kikubwa kimoja ni bora kuliko vidogo vitano.

Pili, kiwe na matundu chini. Maji yakisimama, mizizi huoza, nao mmea huonekana umelegea kana kwamba una kiu. Mtu asiyejua huzidisha maji na kuuua kabisa.

Tatu, chombo kisiwe kimebeba sumu. Katika skimu zetu kuna madebe na majerikani mengi ya dawa ya kupe, dawa ya wadudu na dawa ya magugu. Hayo hayafai kamwe, hata yakioshwa mara kumi. Kadhalika madebe ya rangi, ya oili chafu, na ya maji ya betri. Usipande chakula cha watoto ndani ya chombo usichojua kilibeba nini.

Nne, fikiri juu ya uzito. Debe lenye udongo uliolowa lina uzito wa kilo 25 hadi 30, na gunia la lita 80 hukaribia kilo 120. Liweke gunia mahali pake kabla ya kulijaza, wala usilipandishe kwenye baraza ya mbao ya ghorofani. Na kabla ya yote mwombe ruhusa mwenye nyumba. Mwambie kwamba hutachimba uwanja wake, na kwamba ukihama utaondoka na madebe yako. Wengi hukubali wakielezwa hivyo.

4. UDONGO

Wewe una bahati ambayo mtu wa mjini hana, maana una shamba. Kila uendapo, rudi na gunia dogo la udongo mzuri. Lakini usiuchote popote.

Wakulima wengi wa mahindi siku hizi hunyunyiza dawa ya kuua magugu. Dawa nyingine za namna hiyo hukaa udongoni kwa miezi mingi. Mahindi hayadhuriki, lakini sukuma wiki na mchicha hugeuka manjano na kufa zikiwa changa. Basi usichote udongo katika shamba la mahindi lililonyunyiziwa. Chota chini ya migomba, au chini ya miti, au mahali palipokuwa na boma la ng'ombe zamani.

Udongo wa kando ya barabara kuu na karibu na gereji vilevile haufai. Kwa miaka mingi petroli ilitiwa madini ya risasi, mpaka ilipokomeshwa katika nchi yetu kufikia mwaka 2006. Petroli ile imekwisha, lakini risasi haiozi. Hubaki katika tabaka la juu la udongo, nayo hudhuru akili ya mtoto mdogo.

Mchanganyiko ni huu: karai 2 za udongo, karai 1 ya samadi iliyooza vizuri. Udongo ukiwa mzito wa mfinyanzi, ongeza nusu karai ya mchanga. Samadi iwe imekaa miezi 3 au zaidi, iwe nyeusi, isinuke. Samadi mbichi huchoma mizizi, tena hubeba vijidudu vya tumbo. Usijaze debe mpaka mdomoni, bali acha inchi 2 za nafasi ya maji na matandazo.

Kila baada ya mwezi tia konzi moja ya samadi juu ya kila debe. Mmea wa debe hauna mahali pengine pa kupata chakula.

5. CHAGUA MMEA KWA KADIRI YA SAFARI YAKO

Kila mtu huuliza, "Nipande mboga gani?" Swali lililo bora ni, "Mimi huwa safarini siku ngapi?"

Safari za siku 2 au 3. Mtu huyu aweza kupanda karibu mboga zote: mchicha, managu, saga, spinachi, dania. Hizi zina majani laini na mizizi isiyokwenda mbali, nazo hazipendi kiu. Saga likishikwa na ukame hutoa maua mapema na majani yake huzidi uchungu. Faida yake ni kwamba hukua upesi: mchicha huanza kuchumwa baada ya majuma 3 au 4.

Safari za juma moja. Panda sukuma wiki, vitunguu vya majani, pilipili, na nderema. Nderema ni mboga ya kwetu ambayo wengi wameisahau. Hupandwa kwa kipande cha shina, hutambaa juu ya fito au dirisha, na majani yake manene huhifadhi maji. Ikishashika, hudumu muda mrefu bila kupandwa upya. Sukuma wiki nayo yaweza kupandwa kwa machipukizi yatokayo ubavuni mwa shina kuukuu, bila kungoja mbegu.

Safari za majuma 2 au 3. Hapa tuseme kweli: mboga laini hazitakungoja. Panda viazi vitamu kwa ajili ya majani yake, kunde, na mchaichai. Kunde hupenda joto, kwa hiyo hufanya vizuri Bungoma kuliko Kitale. Majani ya viazi vitamu huliwa yakiwa machanga, na mmea hata ukikauka juu, mara nyingi huchipua tena ukipata maji.

Mtu mwenye madebe manane asipande namna moja. Apande sukuma wiki manne, nderema mawili, vitunguu vya majani moja, na viazi vitamu moja. Safari ikirefuka kuliko alivyopanga, hatapoteza yote.

6. NJIA ZA KUUACHIA MMEA MAJI

Njia ya kwanza: kupunguza kiu. Hii haihitaji kitu chochote, nayo hufanya kazi kuliko zote. Siku ya safari, alfajiri, fanya mambo manne:

(a) Chuma majani yote makubwa, uache manne au matano ya juu. Maji hutoka mmeani kwa njia ya majani, kwa hiyo mmea wenye majani machache hunywa kidogo. Mboga hizo beba uende nazo shambani, au umpe jirani.

(b) Sogeza madebe yote mahali penye kivuli cha mchana, yenye jua la asubuhi tu, karibu na ukuta usiopigwa na upepo.

(c) Yabananishe pamoja, yakingane ubavu. Debe lililo peke yake huchomwa na jua pande zote nne.

(d) Nywesha mpaka maji yatoke chini, kisha funika udongo kwa matandazo ya nyasi kavu, maganda ya maharagwe au majani ya mgomba, unene wa inchi 2.

Mtu akifanya haya manne, debe la siku 5 laweza kufika siku 10.

Njia ya pili: debe lenye kisima. Kwa jambo hili tumia ndoo au jerikani la plastiki, maana bati huota kutu. Usitoboe chini. Toboa tundu moja ubavuni, inchi 4 kutoka kitakoni. Ndani, chini kabisa, panga makopo matupu safi yaliyotobolewa ubavuni, yakiwa yamepinduliwa kifudifudi, urefu wake kama inchi 4. Kati ya makopo shindilia udongo ufike mpaka chini. Udongo huo ndio utambi, maana hupandisha maji kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Simamisha kipande cha mwanzi au bomba kutoka chini mpaka juu ya mdomo. Kisha jaza udongo na upande shina moja.

Maji humiminwa katika mwanzi mpaka yatoke katika lile tundu la ubavuni. Hapo kisima kimejaa, kiasi cha lita 4. Mvua ikinyesha mno, maji ya ziada hutoka katika tundu hilo hilo, na mizizi haiozi. Udongo uliobaki juu nao una akiba yake ya lita 2. Jumla ni lita 6, maana yake siku 10 za jua kali. Ukiongeza yale mambo manne ya njia ya kwanza, shina lako laweza kukungoja majuma mawili au zaidi.

Jambo moja usilisahau: ziba mdomo wa mwanzi kwa kitambaa au gunzi la hindi, na tundu la ubavuni kwa kipande cha chandarua. Maji yaliyosimama ni nyumba ya mbu, na upande wa Bungoma malaria ni adui tunayemjua.

Njia ya tatu: chungu cha udongo. Katika China vitabu vya kilimo vya zaidi ya miaka 2,000 iliyopita vilieleza namna ya kuzika chungu kilichojaa maji katikati ya mimea. Chungu kiwe cha udongo uliochomwa, kisichopakwa rangi wala kitu chochote cha kukilainisha. Maji hupenya polepole katika ubavu wake. Udongo wa nje ukiwa na unyevu, hupenya kidogo, na ukikauka hupenya zaidi. Kwa gunia lenye mashina manne, zika katikati chungu cha lita 5 mpaka shingoni, ukijaze, ukifunike kwa jiwe bapa. Kitaongeza siku 2 juani, au siku 4 kivulini. Chungu chenye ufa mdogo wa mdomoni, kisichofaa tena kupikia, hufaa kwa kazi hii.

Wengine hupindua chupa ya maji ndani ya udongo. Yafaa kwa safari ya siku moja au mbili, lakini ijaribu kwanza ukiwa nyumbani. Tundu la kifuniko likiwa kubwa, chupa huisha kwa saa moja.

7. JIRANI

Kwa safari ndefu hakuna chombo kinachoshinda jirani mwema. Lakini jirani si mfanyakazi wako. Patana naye wazi: majani yatakayokomaa ukiwa safarini ni yake, naye atamwagilia mara mbili kwa juma. Jirani anayechuma hasahau kumwagilia. Mwachie kikombe cha kipimo na umwonyeshe: lita 1 kwa kila debe, si zaidi. Mimea mingi iliyoachiwa majirani hufa kwa maji mengi, wala si kwa kiu.

Usimwachie mtoto wa shule mzigo huu peke yake. Pale mjini ambapo maji hubebwa kutoka mbali au hununuliwa kwa jerikani, madebe manane yasiyo na kivuli hunywa lita 4 hadi 5 kila siku. Ni afadhali kuwa na madebe matatu yaliyotunzwa kuliko manane yanayomfanya binti achelewe darasani. Maji uliyooshea mchele na mboga yatumike. Maji ya mfereji mchafu yasitumike kamwe juu ya mboga za kuliwa.

8. NYAKATI

Katika Kitale na Bungoma shida ya mboga huja miezi ya Desemba, Januari na Februari, mvua zikiwa zimekwisha. Mtu anayepanda Januari amechelewa. Otesha miche mwezi wa Septemba au Oktoba, katika makopo madogo au magamba ya mgomba. Miche ya sukuma wiki huhamishwa ikiwa na majuma 4 hadi 6, na huanza kuchumwa majuma 6 hadi 8 baadaye. Hivyo Desemba ikifika mashina yako yatakuwa na mizizi yenye nguvu. Mwezi wa Machi mvua zikirudi, toa udongo wote, uchanganye upya na samadi, na uanze tena. Usipande sukuma wiki miaka yote katika udongo ule ule. Badilishana na kunde au vitunguu.

Chawa wa mimea wakionekana chini ya majani, waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo, kisha suuza. Usipulizie dawa ya shambani kwenye mboga za mlangoni, ambazo watoto huzichuma na kuzila siku hiyo hiyo.

9. FAIDA NI KIASI GANI?

Tusidanganyane. Shina moja la sukuma wiki lililotunzwa hutoa majani 2 au 3 makubwa kwa juma. Madebe manne yatatoa majani 10 hivi, yaani mboga ya mlo mmoja kwa jamaa ndogo. Madebe manane, milo miwili. Bustani hii haitachukua nafasi ya shamba, wala haitakufanya tajiri.

Faida yake iko mahali pengine. Mtu arudipo usiku kutoka Tongaren, amechoka, na soko limefungwa, watoto hupewa ugali na chai, au ugali na chumvi. Ugali hutia nguvu, lakini haulindi mwili. Majani ya kijani ndiyo yanayoleta vitamini A kwa macho na madini ya chuma kwa damu, na mtoto anayekua huyahitaji siku nyingi, si siku ya soko tu. Mashina manne yaliyo hai mlangoni hukuokoa usiku huo. Na mwisho wa mwaka, milo miwili kwa juma usiyoinunua ni zaidi ya milo 100. Andika bei ya fungu moja la mboga katika soko lako, uzidishe kwa 100, nawe utaona kama kazi hii yafaa kwako au haifai.

Anayeanza na aanze na madebe mawili tu: moja la sukuma wiki na moja la nderema. Ayajaribu kwa safari tatu. Yakisimama, aongeze.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Kwa nini gunia lenye miche 40 halimfai mtu anayesafiri?

2. Debe lina lita 3 za maji yanayofyonzeka. Mashina mawili hunywa zaidi kidogo ya nusu lita kila moja kwa siku. Litadumu siku ngapi?

3. Majani yamelegea saa sita mchana, lakini alfajiri yalikuwa yamesimama. Je, umwagilie upesi? Eleza.

4. Taja vyombo vitatu vya skimuni visivyofaa kupandwa chakula.

5. Kwa nini udongo wa shamba la mahindi lililonyunyiziwa dawa ya magugu huua sukuma wiki?

6. Mama mmoja wa Ndalu ana chumba Bungoma. Hurudi mjini kila siku ya kumi. Ana ndoo tatu na chungu kimoja. Mpangie apande nini, na afanye nini asubuhi ya safari.

Wakulima walio katika vikundi na wasome somo hili pamoja, mmoja akisoma kwa sauti, na wajibu maswali kwa zamu. Mwenye swali lisilojibiwa hapa na alipeleke kwa Bwana Shamba wa wadi yake, akichukua na debe lenyewe likiwezekana.